Bismillah, mkanda uliochakaa na wimbo usioimbika jukwaani

Swali: Juzi nilimsikia mtangazaji akisema kwamba "Bohemian Rhapsody" ya bendi ya Uingereza ya Queen ni wimbo wa mwimbaji wao Freddie Mercury wa kuiaga Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwamba redio za Uingereza ziliukataa mwanzoni kwa sababu ya neno "Bismillah". Ni kweli? Tena, wimbo wa karibu dakika sita, usio na kiitikio, wenye opera katikati, ulishikaje namba moja? Na mbona kwenye video ya tamasha la hisani la Live Aid wanaukatiza kabla haujafika kwenye utamu?

Jibu: Umeuliza matatu, lakini yote yananirudisha mahali pamoja: kwenye mkanda wa kurekodia. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na huyo mtangazaji.

La Bismillah ni jepesi. Mwaka 1975, waliouhofia wimbo huu waliangalia saa, hawakuangalia msamiati. Una dakika 5 na sekunde 55, wakati santuri ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya redio ilikuwa kwa kawaida dakika tatu na ushei. EMI, kampuni iliyotoa santuri zao, ilitaka ukatwe. Mameneja, prodyuza na wanabendi wenyewe wamesimulia mara nyingi mvutano wa siku zile, na wanachokitaja siku zote ni urefu. Hilo neno la Kiarabu halikuwa kesi.

La kuiaga Zanzibar lina mizizi kidogo, ndiyo maana haling'oki. Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi wa dini ya Zoroasta. Baba yake, Bomi, alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza. Lakini fuatilia miaka. Alipofika umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, huko Panchgani, India. Ndiko alikojifunza piano, na ndiko alikoingia kwenye bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, Mapinduzi yakaja Januari 1964, na familia ikahamia Uingereza, eneo la Feltham, magharibi ya London. Alikuwa na miaka 17. Santuri yenyewe ilitoka miaka 11 baadaye.

Sasa sikiliza ushahidi wa upande wa pili. Chris Smith, rafiki yake wa zama za chuo cha sanaa cha Ealing, amesimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 Freddie alikuwa na kipande cha piano walichokiita wimbo wa mchunga ng'ombe, yaani mambo ya Marekani ya farasi na bastola, na kwamba ule mstari wa kijana anayemwambia mama yake kuwa ameua mtu ulikuwemo humo tayari. Zaidi ya hapo, mwaka 2023 mali za Mercury ziliponadiwa na Sotheby's jijini London, ilionekana karatasi ya rasimu ya mashairi, karatasi ya shirika la ndege la British Midland, na juu yake kichwa cha kwanza kilikuwa "Mongolian Rhapsody". Neno "Mongolian" limekatwa kwa kalamu, na "Bohemian" limewekwa mahali pake. Mtu anayeuomboleza mji wake hauanzi wimbo kwa mchunga ng'ombe, akapitia Mongolia, akaishia Bohemia. Mimi naona hapo mtu anayeonja maneno ulimini.

Mwenyewe hakuwahi kuufafanua. Alipoulizwa alisema ni wimbo wa ndoto na kila msikilizaji auelewe apendavyo, na kwamba ile opera ni mzaha wa opera ingawa aliufanyia utafiti kidogo. Kukaa kimya kwake ndiko kulikowapa wengine nafasi ya kusema. Wapo wanaousoma kama siri ya maisha yake ya mapenzi. Na tafsiri ninayoipenda kuliko zote ilitoka Iran: mwaka 2004 kanda ya Queen iliporuhusiwa kuuzwa rasmi huko, iliwekewa kikaratasi cha maelezo. Kwa mujibu wake, kijana ameua mtu bila kukusudia, ameuza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu kwa kusema Bismillah na roho yake inakombolewa. Sidhani Mercury alikuwa na kisa hicho kichwani. Ila kinasimama vizuri kuliko cha mtangazaji wako.

Je, neno lenyewe alilipata Unguja? Inawezekana sana. Hakuna mtoto aliyekulia Mji Mkongwe, awe wa dini yoyote, asiyelisikia kila siku. Lakini litazame kati ya majirani zake ndani ya wimbo: Scaramouche, mchekeshaji wa maigizo ya Kiitalia, fandango, ngoma ya Kihispania, Galileo, Figaro, Magnifico, mamma mia, Beelzebub. Hapo hakuna hoja inayojengwa. Ni maneno yenye silabi za kurushwa, mengi yanamalizika kwa irabu, na irabu ndiyo inayomwachia mwimbaji mdomo wazi. Sisi tunaoimba kwa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa hilo. Lugha yetu nzima imejengwa hivyo, na Mwingereza ndiye anayelazimika kukopa. Bismillah linagonga kwa silabi tatu kama hodi mlangoni, kisha kundi zima linajibu. Ukitaka Mercury anayechezea sauti za Mashariki kwa makusudi, usikilize "Mustapha" wa mwaka 1978, unaofungua albamu ya Jazz.

Hayo yametosha. Tuje studio, maana huko ndiko wimbo ulikotengenezwa hasa.

Katikati ya mwaka 1975 Queen walikuwa bendi maarufu isiyo na hela. "Killer Queen" ilikuwa imefika namba mbili Uingereza mwaka uliotangulia, lakini mkataba wao na Trident, kampuni iliyokuwa ikiwasimamia, uliwaacha wakilalamika kwamba fedha hazifiki mifukoni. Walijinasua, wakamchukua John Reid, aliyekuwa pia meneja wa Elton John, na wakaingia kurekodi albamu ya nne, A Night at the Opera, wakijua kwamba ikizama wamezama nayo. Kubahatisha kote unakokusikia kwenye albamu ile kunatoka hapo.

Prodyuza wao, Roy Thomas Baker, alisimulia jinsi alivyousikia mara ya kwanza. Mercury alimpigia piano kile kipande cha mwanzo cha taratibu, halafu akasimama ghafla na kumwambia kwamba hapa ndipo inapoingia opera. Wakacheka, wakaenda kula. Baker hakuwa mgeni wa opera. Ujanani alifanya kazi Decca, ambako walirekodi kundi la opera nyepesi la D'Oyly Carte. Lakini hata yeye alidhani ni kipande cha sekunde chache.

Kazi ilianza Agosti 1975 katika studio za Rockfield, shambani karibu na Monmouth, Wales, ikaendelea katika studio nyingine kadhaa za London. Msingi ulikuwa piano, besi ya John Deacon na ngoma za Roger Taylor. Brian May, mpiga gitaa, anakumbuka Mercury akija na vipande vya karatasi kutoka kazini kwa baba yake, vimejaa herufi na alama zake, na kukaa kuvipigia piano. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Wenzake walirekodi msingi huku wakiacha mapengo, wakiambiwa tu kwamba hapa kitakuja kitu.

Kitu hicho ndicho kilichochukua wiki tatu. Mercury, May na Taylor walisimama mbele ya maikrofoni saa 10 hadi 12 kwa siku wakiimba kipande kisichotimiza hata dakika moja na nusu. Deacon hakuimba. May alishika sauti za chini, Mercury za kati, na Taylor zile za juu kabisa zinazokwaruza dari. Watu wengi humsifia Mercury kwa kelele ile ya mwisho ya opera, na hiyo ni ya mpiga ngoma.

Nieleze kidogo ufundi wenyewe, maana bila huo hutaelewa lolote linalofuata. Mashine yao ilikuwa ya njia 24, yaani mkanda mmoja mpana uliogawanywa mistari 24, kila mstari ukibeba sauti yake. Ukisharekodi piano, besi na ngoma, njia zinazobaki hazitoshi kwaya ya watu mia. Basi unafanya hivi: watatu wanaimba noti moja kwenye njia moja, wanairudia kwenye njia ya pili, ya tatu, halafu sauti hizo zote unazichanganya na kuzihamishia kwenye njia chache, unazifuta za awali, na unaanza upya kwenye nafasi uliyoipata. Kila uhamisho ni nakala ya nakala, na kila nakala huongeza mvumo wa mkanda na kupunguza ung'avu. Walifika nakala ya nane. Inakadiriwa sauti 180 zilipandishwa juu ya nyingine katika sehemu ya opera. May amesimulia kwamba mkanda ulipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi hata rangi yake, yaani utando unaobeba sauti, ikababuka, na walipouinua mbele ya taa waliona upande wa pili. Mimi niliyejifunza kazi hii kwa kukata mkanda kwa wembe, habari hiyo hunitia baridi hadi leo, kwa sababu rangi inayobabuka ndiyo muziki wenyewe.

Na Mercury aliendelea kuongeza. Kila alipokuja na "Galileo" nyingine, Baker alikata mkanda na kuunga kipande kipya. Alisema viungo vilizidi hadi mkanda ukizunguka ulionekana kama kivuko cha pundamilia kikipita mbio.

Juu ya hayo kuna gitaa la May, Red Special, alilolichonga na baba yake tangu 1963 kwa mbao za meko ya zamani, na ambalo hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kidude cha plastiki. Kipande chake cha gitaa pekee baada ya sehemu ya taratibu hakirudii sauti ya uimbaji. May alitaka gitaa liwe na wimbo wake lenyewe. Kisha opera, kisha ile sehemu ya roki nzito, kisha kila kitu kinashuka taratibu hadi Taylor anapogonga tasa kubwa la shaba mara moja, kwisha. Hakuna kipande kinachorudi kama kiitikio. Ukisema hauna kiitikio, umeona vizuri.

Sasa swali lako la pili. EMI wanataka wimbo ukatwe, bendi imekataa. Aliyefungua mlango ni Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London na rafiki wa Mercury. Walimpa nakala kwa sharti kwamba ni ya kusikiliza yeye, asiipige hewani, na nadhani kila aliyekuwepo alijua maana ya sharti hilo. Everett alianza kwa kurusha vipande vidogo, akidai mkono umeteleza, kisha akaupiga mzima. Mwisho wa wiki ile aliupiga mara 14. Jumatatu wasikilizaji walikwenda madukani kuutafuta wakaambiwa bado haujatoka. Paul Drew, aliyesimamia redio za RKO za Marekani, alikuwa London siku hizo. Naye akapata nakala na kwenda kuupiga kwao. Kampuni za pande zote mbili za bahari zikajikuta zinabishana na wateja badala ya bendi.

Santuri ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975. Upande wa pili iliwekwa "I'm in Love with My Car" ya Taylor, jambo dogo lililomtajirisha: kila santuri iliyouzwa ilimlipa mtunzi wa upande wa pili sawasawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Mercury anatoa jasho la wiki tatu, mwenzake anavuna kwa kugeuza sahani. Ugomvi wa bendi nyingi huanzia kwenye hesabu za aina hiyo.

Halafu likaja tatizo la televisheni, na hapa mkanda unarudi. Kipindi cha Top of the Pops cha BBC kilitaka wanamuziki wafike studio na kuchezesha midomo huku wimbo ukipigwa. Wanaume wanne, mmoja wao hata hakuimba, wasimame na kujifanya ni kwaya ya sauti 180? Wangechekwa. Tena ziara ya maonyesho ilikuwa mlangoni. Kwa hiyo tarehe 10 Novemba walikwenda Elstree, walikokuwa wakifanyia mazoezi, na mwongozaji Bruce Gowers akawapiga picha kwa muda wa saa nne hivi. Gharama ilikuwa kama pauni 4,500. Zile nyuso nne gizani zilinakiliwa kutoka jalada la albamu yao Queen II, picha iliyopigwa na Mick Rock. Nyuso zinazojigawa kama vyumba vya mzinga zilitokana na lenzi yenye pande nyingi, na zile zinazofuatana hadi kupotea mbali zilipatikana kwa kuelekeza kamera kwenye televisheni inayoonyesha kile kile kamera inachokiona. Hakuna kompyuta hapo. Ilirushwa tarehe 20 Novemba.

Utasikia kwamba hiyo ndiyo video ya kwanza ya muziki duniani. Siyo. The Beatles walikuwa wakituma filamu fupi za nyimbo zao televisheni miaka tisa kabla. Lililo kweli ni kwamba baada ya hii, kampuni za muziki zilianza kuiona video kama sehemu ya kuuza wimbo. Lilianza kama njia ya kukwepa aibu.

Mwishoni mwa Novemba wimbo ukashika namba moja na kukaa wiki 9, Krismasi ikaukuta hapo na mwaka mpya pia. Kabla Januari haijaisha nakala zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa Uingereza. Uling'olewa kileleni na "Mamma Mia" ya ABBA, maneno mawili ambayo Queen wenyewe wanayapiga kelele katikati ya opera yao. Marekani ulifika namba 9 mwaka 1976.

Live Aid, basi. Umeona sawa: Wembley, tarehe 13 Julai 1985, Mercury anakaa kwenye piano, anaimba sehemu ya taratibu, na kabla opera haijaingia wanahamia "Radio Ga Ga". Hukudanganywa, ndivyo wimbo huu ulivyo jukwaani. Opera haiimbiki na watu wanne. Katika maonyesho yao wenyewe walipata dawa: ikifika sehemu ile, taa zinabadilika, moshi unajaa, wanne wote wanatoka jukwaani, na mkanda wa studio unapigwa kwa ukumbi. Roki nzito ikilipuka wanarudi mbio, mara nyingine kwa nguo nyingine. May hakuona haja ya kuficha. Watazamaji walijua na walishangilia hata hivyo. Sasa wapeleke Wembley: jua bado liko juu, kila bendi ina dakika 20 hivi, jukwaa ni la kukopeshana, na dunia nzima inatazama. Kuondoka na kuuacha mkanda uimbe peke yake kungeua kasi yote. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote waliofanya siku ile, maana "Radio Ga Ga" ndiyo iliyoinua mikono ya uwanja mzima.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu ni historia ya wimbo kuuzwa tena. Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Mwezi uliofuata santuri ilitolewa upya pamoja na "These Are the Days of Our Lives", ikashika namba moja tena kwa wiki 5, na mapato, zaidi ya pauni milioni moja, yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika la kusaidia wenye UKIMWI. Ilikuwa rekodi ya kwanza ile ile kuwa namba moja ya Krismasi Uingereza mara mbili, na ilibaki peke yake hadi "Last Christmas" ya Wham! ilipofanya hivyo mwaka 2024. Mwaka 1992 vijana watano waliobanana ndani ya gari katika filamu ya Wayne's World, wakitikisa vichwa roki inapolipuka, waliupeleka hadi namba 2 Marekani, juu kuliko ulivyofika mara ya kwanza. May anasema Mercury aliwahi kuonyeshwa kipande hicho kabla hajafa, na alikipenda.

Ukitaka kuhakikisha niliyokueleza, tafuta rekodi ya albamu, vaa visikilizi, nenda dakika ya 3. Sikiliza "Galileo" ya juu ikitokea sikio moja na ya chini ikijibu kwenye sikio la pili, kisha chini yake mvumo mwepesi kama wa pumzi. Huo mvumo ndio nakala ya nane ya mkanda.